Maji ya kijivu: maana yake katika parseli (kiwanja chenye nyumba) ya Goma

Maji ya kijivu ni maji yaliyokwisha kufanya kazi moja nyumbani bila kupita chooni: ya kuogea, ya kunawia, ya kufulia, ya kuoshea mboga. Yanayotoka chooni huitwa maji meusi, na hayo hayana mjadala. Jina limetokana na rangi, maana sabuni na uchafu wa mwili huyageuza yakafanana na majivu. Yakilala kwenye beseni zaidi ya siku moja huanza kunuka, kwa hiyo ni maji ya kutumika siku ileile, si ya kuweka akiba.

Mwambie mama wa Ndosho, kartie (mtaa) ya Goma, kwamba kutumia maji mara ya pili kunaitwa kurejeleza maji, atakucheka. Anayenunua maji kwa bido, yaani dumu, hakungoja semina. Maji ya kusuzia nguo nyeupe ndiyo yanayoanza kufua suruali za watoto. Yakitoka hapo yanasugua sakafu. Mabaki yanasukuma choo au yanamwagwa mbele ya mlango kutuliza lile vumbi jeusi la kiangazi. Bido moja ya lita 20, kazi tatu. Mwenye lengalenga ndani ya gunia anaweza kulimwagilia, mradi maji yaende kwenye udongo, si kwenye majani, na yasiwe na javeli, dawa ya kung'arisha nguo. Sabuni ya unga nayo ina chumvi: ukimwagia gunia hilohilo kila siku, udongo unachoka.

Mgeni hushangaa. Ziwa Kivu liko miguuni, mvua inapita milimita 1,000 kwa mwaka, ukame unatoka wapi? Unatoka chini ya nyayo. Goma imejengwa juu ya mawe ya volkano ya Nyiragongo, na mawe hayo yamejaa nyufa kama chekecheo: mvua inazama papo hapo, ndiyo maana mjini hakuna kijito cha kuchota. Maji ya robine, yaani bomba la nyumbani, yanapandishwa kutoka ziwani kwa mashine za umeme, basi umeme ukikatika na robine inakauka. Tena volkano haina adabu. Ile ya tarehe 22 Mei 2021 iliharibu mabomba na tangi kubwa upande wa Buhene, mitaa mingi ikarudi kubeba mabido.

Ndiyo maana hapa maji ya kijivu hayatenganishwi na maji ya manjanja, yaani mvua inayotoka kwenye mabati ya paa. Hesabu yake ni rahisi: milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Paa la mita za mraba 40, mvua ya milimita 10, ni lita 400, mabido 20, ukitoa kidogo kinachomwagika. Ila moshi wa Nyiragongo na volkano jirani yake, Nyamulagira, hutia asidi na floridi ndani ya mvua, na asidi hiyo hula hata manjanja yenyewe. Maji ya kwanza ya mvua yaachwe yapite yaoshe paa. Yanayofuata yafue na kuosha; ya kunywa yatafutwe kwingine kila inapowezekana.

Na serikali? Katiba ya Kongo ya 2006, kifungu cha 48, inatambua haki ya kupata maji ya kunywa. Sheria ya maji ya tarehe 31 Desemba 2015 ikaenda mbele zaidi: iliyapa majimbo, miji na komini wajibu katika huduma ya maji, jambo ambalo zamani mijini lilikuwa la REGIDESO, shirika la maji la serikali, peke yake. Lakini kartie si komini. Shefu wa kartie hana bajeti yake kisheria. Alicho nacho ni mdomo, kikao, na asubuhi ya salongo, kazi ya pamoja ya usafi. Anaweza kuhimiza watu wazibue mifereji, wafunike mapipa, wasimwage maji ya sabuni kwenye njia ya jirani. Mimi sioni hilo kuwa dogo. Mji uliozika watu wengi sana kwa kipindupindu mwaka 1994 unajua kwamba bido chafu na mkono usionawa ni hatari kuliko kiu. Kwa hiyo sharti la kwanza la maji ya kijivu ni chombo: beseni lake liwe mbali, lisikutane kamwe na bido la kunywa, na mtoto alijue kwa rangi.

Mahali mahimizo yanapokwama ni kwenye gutiera, mfereji wa kukinga maji ya paa. Mpangaji anaambiwa avune mvua, lakini paa si lake. Akinunua gutiera na tangi, mwezi ujao anaweza kuambiwa ahame, aviache vikiwa vimefungwa ukutani. Mwenye parseli naye haoni faida, kwa sababu anayebeba bido si yeye. Komini ikitaka maneno yake yatoke kwenye kikao yafike kwenye paa, ianze na huyo mwenye parseli: nyumba ya kupangisha iwe na gutiera kama inavyotakiwa kuwa na choo.