Bandari ya Lindi: Yanayosemwa na Yaliyotokea

"Lindi haikuwahi kuwa na bandari ya maana."

Hili linaniuma kuliko mengine, maana husemwa hata na vijana waliozaliwa hapa hapa. Misafara ya kutoka pande za Ziwa Nyasa iliishia Lindi na pembe za ndovu, na watumwa pia, tusifiche. Kati ya 1909 na 1913 mifupa ya mijusi wa kale (dinosaria) iliyochimbwa kwenye kilima cha Tendaguru ilibebwa na wapagazi kwa miguu hadi mjini, ikapakiwa melini kwenda Ujerumani. Mpaka leo imesimamishwa kwenye jumba la makumbusho Berlin. Ukaja wakati wa mkonge. Na Lindi ndiyo ilikuwa makao makuu ya Jimbo la Kusini.

"Barabara ya lami na Daraja la Mkapa ndivyo vilivyoiua."

Daraja hilo, la Mto Rufiji, lilifunguliwa 2003. Kufikia hapo Lindi ilikuwa imeshapoteza shehena zake kwa karibu nusu karne.

Chanzo ni karanga. Mwaka 1947 Waingereza walianzisha mradi mkubwa wa kilimo cha karanga Kongwa, Urambo na Nachingwea. Mizigo ya Nachingwea ilianza kushushiwa Mkwaya, ndani ya hori la Lindi, na reli ikajengwa kutoka hapo. Lakini meli kubwa zilihitaji kina, na hori linalopokea maji ya Mto Lukuledi halikuwa nacho. Mtwara ilikuwa na ghuba yenye kina kirefu iliyokingwa dhidi ya mawimbi, basi gati na reli mpya vikapelekwa huko. Mradi ukaachwa 1951, gati lenyewe halijakamilika! Karanga hazikuonekana, bandari ikabaki Mtwara, na makao makuu ya jimbo yakahamia huko huko. Ofisi zilipoondoka, wafanyabiashara nao walifuata. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 reli nayo ikafungwa, ikang'olewa.

Barabara ilimalizia tu kilichobaki Lindi. Iliyoumizwa nayo zaidi ni Mtwara, ambako kwa miaka mingi korosho zilipita kwenye malori hadi Dar es Salaam huku gati likiwa kimya.

"Watu wa kusini hawapendi kazi."

Sehemu kubwa ya korosho za Tanzania inatoka kwenye mashamba ya watu hawa hawa. Sioni la kuongeza.

"Korosho zimerudi bandarini Mtwara, kwa hiyo ajira zimerudi."

Nafurahi kwamba serikali imeagiza korosho za kusini zisafirishwe kupitia Mtwara, na gati jipya limejengwa. Ila tusichanganye shehena na ajira. Korosho nyingi zinaondoka ghafi, kwenda kubanguliwa India na Vietnam. Msimu ukiisha, kuli anarudi kusubiri msimu mwingine. Kazi ya mwaka mzima ilitegemewa kwenye viwanda vya kubangua vilivyojengwa kwa mikopo kuanzia miaka ya 1970, kimojawapo Lindi mjini, kingine Nachingwea. Vingi vilisimama miaka ya 1980, na vilipobinafsishwa baadaye, baadhi vikageuzwa maghala. Ghala linahitaji walinzi na wapakiaji wachache. Kiwanda cha kubangua kinahitaji mamia ya mikono, mingi ya akina mama. Anayetaka kujua ajira za pwani hii zilikwenda wapi aanzie kwenye viwanda hivyo, ndipo aje kwenye gati.