Nepal si theluji tupu

Ikitajwa Nepal, wengi wetu tunaona theluji, kilele cha Everest chenye mita 8,849, na Washerpa, kabila la milimani, waliojitwika mizigo. Picha hiyo ni ya kweli, ila ni ya upande mmoja tu wa nchi.

Kusini, mpakani na India, kuna Terai, ukanda wa tambarare wenye joto kali. Kuna mahali hapafiki hata mita 100 juu ya usawa wa bahari. Huko ni mpunga, miwa na nyati wa kufugwa wakigaagaa matopeni, na wengi huzungumza Kimaithili au Kibhojpuri. Zamani watu wa milimani waliogopa kuhamia kwa sababu ya malaria. Ilipodhibitiwa kuanzia miaka ya 1950, wakateremka kwa wingi. Sensa ya 2021 ilikuta zaidi ya nusu ya Wanepali wako Terai. Washerpa hawafiki hata 1 kati ya 100.

Wala si wapanda milima wanaoibeba nchi. Wengi ni wakulima, na fedha zinazotumwa kutoka ughaibuni ni takriban robo ya pato la taifa au zaidi. Ndugu zetu walioko Doha na Dubai wanawajua Wanepali vizuri: ndio walinzi wa getini na mafundi wa ujenzi wanaofanya nao kazi kila siku.