Utafiti wa maoni si utabiri wa uchaguzi

"Watu elfu moja hawawezi kuisemea nchi nzima"

Pingamizi hili husikika kila matokeo ya utafiti wa maoni yanapotangazwa, na hufuatwa na jingine: mbona mimi sijawahi kuulizwa? Ukweli ni kwamba nguvu ya sampuli, yaani kundi la waliohojiwa, haitokani na ukubwa wake ukiulinganisha na idadi ya watu nchini. Inatokana na jinsi wahojiwa walivyopatikana. Wakichaguliwa kwa bahati nasibu, watu 1,000 hutoa makadirio yanayoweza kupishana na hali halisi kwa takriban asilimia 3 juu au chini, iwe nchi ina watu milioni 5 au milioni 200. Ukitaka kuupunguza mwanya huo kwa nusu, itakubidi uhoji watu 4,000, na gharama hupanda vivyo hivyo.

Wingi bila uteuzi mzuri hausaidii kitu. Mwaka 1936 jarida la Literary Digest la Marekani lilituma kadi kama milioni 10, nyingi zikienda kwa watu waliokuwa kwenye orodha za wenye simu na magari. Zilirudi zaidi ya milioni 2, na jarida likatangaza kwamba mgombea urais Alf Landon angeshinda kwa asilimia 57 hivi. Rais aliyekuwa madarakani, Franklin Roosevelt, akashinda kwa takriban asilimia 61 na kuchukua majimbo 46 kati ya 48. Mtafiti wa maoni George Gallup, aliyehoji watu wachache zaidi kwa mbali, alikuwa amemtaja mshindi sahihi. Orodha zile ziliegemea wenye nafuu wakati uchumi umeanguka, na waliojisumbua kurudisha kadi walikuwa hasa wale waliotaka Roosevelt aondoke. Kosa hilohilo linarudiwa leo kila siku katika kura za mitandaoni, ambako yeyote anayetaka hubofya, kisha matokeo yakasambazwa kama sauti ya taifa. Hata zikipigwa na laki tano, haziwakilishi mtu yeyote zaidi ya waliobofya.

"Walisema fulani atashinda, akaanguka. Basi ni waongo"

Utafiti huuliza: uchaguzi ungefanyika leo, ungempigia nani? Jibu ni la siku hiyo. Mwaka 2016 wastani wa tafiti za kitaifa Marekani ulimweka Hillary Clinton mbele kwa takriban pointi 3, naye alipata kura nyingi kuliko Donald Trump kwa pointi 2.1. Walipoteleza watafiti ni katika majimbo yaliyompa Trump urais, kama Wisconsin, Michigan na Pennsylvania. Huko wapiga kura wengi waliamua siku za mwisho, na tafiti nyingi zilikuwa na wasomi kupita kiasi bila kulirekebisha hilo.

Sisemi kwamba watafiti hawakosei. Uingereza mwaka 2015 walionyesha vyama vikuu, Conservative na Labour, vikiwa sawa, kisha Conservative wakashinda kwa zaidi ya pointi 6. Uchunguzi uliofuata ulibaini kuwa wafuasi wa Labour walikuwa wamejaa mno kwenye sampuli. Kwa hiyo ukisoma kwamba mmoja ana asilimia 46 na mwingine 43, soma kwamba wanakaribiana. Yule wa mbele anaweza kabisa kuwa wa nyuma.

"Kazi yake ni kutaja mshindi tu"

Hapa ndipo tunapopoteza hazina. Karatasi ya kura inaonyesha nani amechaguliwa. Haielezi kwa nini, wala kwa moyo gani. Afrobarometer, mtandao wa utafiti wa maoni barani Afrika ulioanza mwaka 1999, huwahoji watu ana kwa ana na kwa lugha zao. Katika awamu yake ya 2021 hadi 2023, iliyohusu nchi 39 za Afrika, asilimia 66 walisema wanapendelea demokrasia kuliko mfumo mwingine wowote. Waliosema wanaridhika na inavyofanya kazi nchini mwao walikuwa takriban asilimia 37 tu, na asilimia 53 walikuwa tayari kukubali jeshi lichukue madaraka iwapo viongozi waliochaguliwa watayatumia vibaya.

Ukizitazama kijuujuu, takwimu hizi zinagongana. Mimi naziona zikisema jambo moja: watu hawajaichoka haki ya kuchagua, wamechoshwa na wanaochaguliwa wanavyojiendesha. Sanduku la kura haliwezi kukupa habari hiyo, na kiongozi anayeipuuza kwa sababu alishinda anajidanganya.

"Asilimia ndiyo imani ya watu ilivyo"

Swali lina uzito wake. Wamarekani wakiulizwa kuhusu matumizi ya serikali kwenye "misaada ya ustawi", ni kama 2 tu kati ya 10 wanaosema hayatoshi. Wakiulizwa kuhusu "kuwasaidia maskini", wanaosema hivyo hupita 6 kati ya 10. Watafiti mjini Cincinnati, miaka ya 1970, waliwauliza watu kuhusu sheria ambayo haikuwepo kabisa, na takriban theluthi moja walitoa msimamo. Tena, watu wanaodai walipiga kura huwa wengi kuliko waliopiga kweli, kwa sababu kukiri kwamba ulibaki nyumbani kunatia haya.

Hofu nayo inapindisha majibu. Afrobarometer huwauliza wahojiwa mwishoni wanadhani nani amewatuma wadadisi. Wanaoamini ni serikali huwa na tahadhari zaidi wanapomzungumzia mkuu wa nchi, hasa pale ambapo kusema kuna gharama.

"Tafiti huwasukuma watu wamfuate anayeongoza"

Wapo wanaomfuata, wapo wanaomhurumia aliye nyuma, na wapo wasiokwenda kupiga kura kwa kudhani mambo yameshaamuliwa. Misukumo hiyo huvutana, na athari inayopimika kwa kawaida ni ndogo. Hata hivyo Ufaransa huzuia kutangaza tafiti mpya siku ya uchaguzi na siku inayotangulia.

Hatari kubwa zaidi ni takwimu za kubuni zinazovaa joho la utafiti. Kabla ya kuzisambaza, uliza nani amelipia, wahojiwa walipatikanaje, walihojiwa lini, na swali lilisomekaje neno kwa neno. Asiyeweza kujibu hayo hana utafiti.