Mubashara maana yake si mtandaoni

Kibanda umiza cha mtaani kwetu kina ubao mweusi unaoandikwa kwa chaki kila asubuhi. Juzi uliandikwa: "LEO SAA 2 USIKU, MARUDIO YA SIMBA NA YANGA, MUBASHARA." Nikamuuliza kijana mwenye kibanda marudio yanakuwaje mubashara. "Si naichukua mtandaoni, mzee," akanijibu bila kuinua macho kwenye simu. Ingekuwa mara ya kwanza ningepita zangu. Lakini wiki hiyohiyo nilikuwa nimeshasikia tangazo la "kifurushi cha mubashara", nimeshaona video ya miezi mitatu iliyopita yenye kichwa "LIVE MUBASHARA", na mpwa wangu alikuwa ameshaniuliza ni programu ipi ya simu "ina mubashara nyingi", akimaanisha chaneli za nyumbani kama ITV na TBC1.

Maana yenyewe ni fupi. Jambo linarushwa mubashara pale linapokufikia huku bado linaendelea kutendeka, bila kurekodiwa kwanza. Limepita kwenye antena, dishi, waya au bando la simu, hilo ni suala jingine kabisa.

Asili ya neno ndiyo tamu. Tumelitoa kwa Waarabu, na mzizi wake ni b-sh-r. Bashara kwao ni ngozi ya nje ya mwili wa binadamu. Kutoka hapo kikazaliwa kitenzi cha kugusana ngozi kwa ngozi, kisha kushika shughuli kwa mkono wako mwenyewe bila kumtuma mtu, hadi tukafika kwenye mubashara: pasipo kitu katikati. Watangazaji wa Kiarabu wanalitumia hivyohivyo. Al Jazeera wana chaneli nzima iitwayo Al Jazeera Mubasher, iliyoanza mwaka 2005, kazi yake kuonesha mikutano na hotuba kama zilivyo. Mzizi huohuo umetupa bashiri, ambayo kwa Kiarabu ilihusu kuleta habari njema. Wataalamu wa lugha wa Kiarabu walieleza kwamba habari njema huonekana kwenye ngozi ya uso wa anayeipokea, ndiyo maana mleta habari akaitwa kwa jina lenye ngozi ndani yake. Kwa hiyo wale vijana wa benchi la nyuma kibandani, wenye mikeka yao ya kubeti mkononi, wanapobashiri mechi iliyo mubashara wameshika maneno mawili ya tumbo moja. (Bashasha, ambayo wengi huiingiza kwenye ukoo huu, ina mzizi wake, b-sh-sh. Ni jirani tu.)

Kabla mubashara halijashamiri tulikuwa na "moja kwa moja", na Kenya bado linatamba: tunaungana moja kwa moja na mwenzetu aliyeko Mombasa. Tazama ukoo wa fikra hapo. Maneno yote mawili yanazungumzia njia iliyonyooka, isiyo na mtu wa kati, wala hakuna linalotaja mtandao.

Watanzania waliwahi kulielewa neno hili barabara. Januari 2016 Nape Nnauye, wakati huo waziri mwenye dhamana ya habari, alilitangazia Bunge kwamba TBC, televisheni ya taifa, haitaendelea kuonesha vikao vyote mubashara, sababu ikitajwa kuwa gharama. Badala yake kingekuwepo kipindi cha usiku, kilichorekodiwa na kuhaririwa. Zogo lililofuata halikuhusu kuchelewa kwa saa chache. Watu wengi saa hizo za mchana wako kazini hata hivyo. Kilichowauma ni mkasi. Nani anakata, na anakata nini? Hiyo ndiyo ngozi kwa ngozi ya Waarabu, tena imeeleweka bila kamusi.

Sasa kuna wajuaji wa upande wa pili wanaosema mechi ya simuni haiwezi kuitwa mubashara kwa sababu inachelewa. Kweli inachelewa. Jirani mwenye dishi anashangilia goli wakati mimi naona kona ndiyo kwanza inapigwa. Mawimbi ya setilaiti hupanda kilomita zipatazo 36,000 na kushuka kwa takriban robo ya sekunde, ukiongeza sekunde chache za kubana na kubanua picha. Intaneti inafanya vingine: picha hukatwa vipande vya sekunde kadhaa, mara nyingi sita, na simu husubiri ikusanye vipande vitatu hivi kabla ya kuonesha cha kwanza, ili mtandao ukiyumba usikatikiwe. Nusu dakika inaweza kupotea hapo. Kwa mwenye mkeka ni msiba, ila mubashara imebaki mubashara, maana hakuna aliyeihifadhi akakuletea baadaye.

Nirudi kwa mpwa wangu. Alichokuwa anataka ni chaneli za ndani, na hizo ziko chini ya leseni na mikataba. Mwaka 2018 TCRA, mamlaka inayosimamia mawasiliano Tanzania, iliwahi kuvitaka ving'amuzi vya kulipia vya dishi viondoe chaneli za ndani za bure, kwa kuwa leseni zao hazikuruhusu kuzibeba. Mitambo ilikuwa na uwezo wote. Karatasi ndiyo iliyokataa. Programu za simu nazo ni hivyohivyo: AzamTV Max, DStv Stream na StarTimes ON kila moja ina orodha yake. Tena chaneli kuwepo kwenye orodha si dhamana ya kila kipindi. Haki za Ligi Kuu ya Bara ziko Azam kwa mkataba wa miaka kumi uliosainiwa 2021, kwa hiyo TBC1 unaweza ukaipata bila shida na mechi usiione.

Walioko Marekani wana mtego wao. Huko "chaneli ya ndani" ni kituo cha mji unaoishi. Televisheni kubwa za nchi nzima, ABC, CBS, NBC na Fox, huingia majumbani kupitia vituo vya miji, ndiyo maana YouTube TV, huduma ya kulipia ya kutazama chaneli kwa intaneti, inataka kujua unakaa wapi. Ukiwa Minneapolis ukaulizia chaneli za ndani huku moyoni una Citizen ya Kenya, utapewa taarifa ya theluji ya Minneapolis, na mhudumu atakuwa hajakosea.

Kwa hiyo, mpwa wangu, uliza: chaneli hii ipo? Kipindi hiki kinaruhusiwa hapa nilipo? Kisha, ukitaka, uliza kama ni mubashara. Na wewe kijana wa kibanda, futa neno la mwisho tu, "marudio" liache. Simba na Yanga watu watakuja kuwatazama hata mara ya tatu.