"Skrubu zimekaa vizuri": usahihi wa skrubu za mgongo hupimwaje?

Hapa Mwanza, mtu aliyevunjika pingili ya uti wa mgongo kwa ajali ya bodaboda Buzuruga, au aliyeanguka na gunia la dagaa pale Mwaloni, anaweza kuishia hospitali ya Bugando akihitaji kufungwa vyuma mgongoni. Baada ya upasuaji anapigwa CT-Scan, kisha ndugu wanaambiwa skrubu zimekaa vizuri. Kauli hiyo ina kipimo chake, na ndugu wana haki ya kukielewa.

Kila pingili ina nguzo mbili fupi za mfupa, kushoto na kulia, zinazounganisha sehemu nene ya mbele na upinde wa nyuma. Skrubu hupitishwa ndani ya nguzo hizo. Katikati ya kifua nguzo inaweza kuwa na upana wa milimita 4 hadi 6 tu, ilhali chini kabisa kiunoni huvuka 10. Ubavuni mwake, upande wa ndani, kuna mfereji wa mishipa ya fahamu. Ni kama fundi mtumbwi anayepigilia msumari kwenye ukingo wa ubao: juu panaonekana sawa, kumbe ncha imetokeza pembeni.

Kipimo kinachotumika sana ni cha watafiti Gertzbein na Robbins, cha mwaka 1990. Daraja A, skrubu yote imo ndani ya mfupa. B, imetokeza kwa chini ya milimita 2. C ni kuanzia 2 hadi kabla ya 4, D kuanzia 4 hadi kabla ya 6, na E ni 6 au zaidi. Kwa kawaida A na B huhesabiwa pamoja kuwa zinakubalika.

Sasa tuseme wagonjwa 10 wamewekewa skrubu 6 kila mmoja, na kati ya hizo 60, tatu zimeangukia C. Ripoti itasema usahihi ni asilimia 95. Lakini kama hizo tatu ni za watu watatu tofauti, basi wagonjwa 3 kati ya 10 wana skrubu iliyokaa vibaya. Kwangu mimi hesabu ya wagonjwa ndiyo ya kutazamwa kwanza, kwa sababu anayekwenda nyumbani ni mtu.

Upande nao una uzito mkubwa. Iliyotokeza ndani inaukaribia mfereji, na iliyotokeza chini inaweza kugusa mshipa wa fahamu uendao mguuni. Ya nje mara nyingi huvumilika, ila kifuani upande wa kushoto mshipa mkuu wa damu uko jirani.

Eksirei ya kawaida haitoshi kuamua haya, maana hukosa skrubu nyingi zilizopotoka. Hata kwenye CT-Scan chuma hung'aa na kutia ukungu kingo zake, hivyo milimita moja huzua ubishi. Ndiyo maana tathmini nzuri hufanywa na wasomaji wawili, kila mmoja peke yake, na asiwe daktari aliyepasua.

Daraja peke yake halimrudishi mgonjwa chumba cha upasuaji. C iliyotokeza nje bila dalili yoyote inaweza kuachwa, wakati B yenye mguu unaokufa ganzi lazima iangaliwe upya. Kwa hiyo ndugu, mkiwa na daktari, muulizeni: ngapi zimetoka nje ya mfupa, kwa milimita ngapi, upande gani, na mguu una nguvu kama jana?