Ruta mbili, nyumba moja: dhana potofu na ukweli wake

Dhana: Kebo ichomeke tundu lolote la ruta ya pili, mradi intaneti ipite.

Hapa ndipo wengi wanapokwama, kwa sababu intaneti inapita kweli na hakuna anayeshuku kitu. Ukichomeka kwenye tundu la WAN (la kupokea intaneti kutoka nje), ruta ya pili inafungua mtandao wake yenyewe. Kompyuta iliyo nyuma yake, tuseme yenye anwani 192.168.0.12, inaweza kuifikia printa ya 192.168.1.30 iliyo kwenye ruta ya kwanza. Kinyume chake hakiwezekani: NAT ya ruta ya pili (mfumo unaoficha vifaa vya ndani nyuma ya anwani moja) inakataa mawasiliano yanayoanzishwa kutoka nje. Basi mmoja anafungua folda za mwenzake, mwenzake hamwoni kabisa.

Ukitaka kompyuta zote zionane, zifanye ziwe mtandao mmoja. Kabla ya kuunganisha ruta mbili, chomeka kompyuta kwenye ruta ya pili peke yake, uingie kwenye mipangilio. Ikiwa ruta ya kwanza ni 192.168.1.1, ya pili ipe 192.168.1.2, na hakikisha anwani hiyo haimo kwenye zile ambazo ruta ya kwanza inagawa (kwa mfano 192.168.1.100 hadi 192.168.1.200). Kisha zima DHCP (huduma inayogawa anwani kwa vifaa), uhifadhi. Mwisho vuta kebo kutoka tundu la LAN (la vifaa vya ndani) la ruta ya kwanza hadi tundu la LAN la ruta ya pili. WAN ya ruta ya pili ibaki tupu. Usibadilishe mfuatano huo wa hatua: ukizima DHCP kabla ya kubadili anwani, kompyuta yako inaweza kukosa anwani na ukashindwa kurudi kwenye mipangilio.

Dhana: DHCP ikiwaka kwenye ruta zote mbili, moja itasaidia nyingine.

Zitagombana. Kifaa kwa kawaida hushika jibu linalowahi kufika, na likitoka kwa ruta ya pili kitaambiwa njia ya kutokea ni 192.168.1.2, ambako hakuna intaneti. Alama ya Wi-Fi inaonyesha imejaa, kurasa hazifunguki. Kero yake ni kwamba asubuhi inafanya kazi, jioni inagoma, na mtu anaanza kulaumu kebo. Kwenye Windows fungua Command Prompt, andika `ipconfig`: mstari wa "Default Gateway" (njia hiyo ya kutokea) unapaswa kusoma 192.168.1.1.

Dhana: Kebo mbili kati ya ruta zinaongeza kasi maradufu.

Ruta nyingi za nyumbani hazina kinga dhidi ya mzunguko. Ujumbe unaotumwa kwa vifaa vyote unazunguka bila kukoma, taa zinapepesa mfululizo, mtandao mzima unalala. Chomoa moja.

Dhana: Jina la Wi-Fi lazima litofautiane.

Jina, nywila na aina ya usalama vikifanana, simu inahama yenyewe kutoka ruta moja hadi nyingine. Kinachopaswa kutofautiana ni chaneli (njia ya mawimbi), kwenye 2.4 GHz chagua kati ya 1, 6 na 11.

Dhana: `ping` (amri ya kujaribu kama kompyuta nyingine inajibu) isipojibiwa, kompyuta hazijaunganishwa.

Windows yenyewe huzuia `ping` hata pale ambapo kebo na anwani ziko sawa. Badili mtandao kutoka "Public" kuwa "Private" kwenye kompyuta zote mbili, washa ushirikishaji wa mafaili, kisha andika anwani moja kwa moja kwenye File Explorer, mfano `\\192.168.1.120`. Isipofunguka, angalia kama mojawapo imeingia kwenye Wi-Fi ya wageni, maana hiyo hutenganisha vifaa makusudi.