Laravel 11: dhana potofu zinazovunja mifumo wakati wa kupandisha toleo

Laravel 11, toleo la fremuwaki ya PHP ya kujengea tovuti, ilitoka tarehe 12 Machi 2024, na ingawa toleo la 12 lilifuata Februari 2025, mradi ulioachwa kwenye toleo la 10 bado unapaswa kupitia mabadiliko ya 11. Mabishano mengi yamekuwa juu ya folda zilizopungua. Kinachovunja mifumo ni kingine: amri zilezile tulizozizoea, zenye majina yaleyale, sasa zinatenda tofauti.

"Ukipanda hadi 11 lazima uhamie muundo mpya wa faili."

Si lazima, na mwongozo rasmi wenyewe unashauri usihamie. Muundo mwembamba, usio na `app/Http/Kernel.php` wala `app/Console/Kernel.php`, ni wa miradi inayoanzishwa upya. Mradi wa zamani una `bootstrap/app.php` inayoielekeza Laravel kwenye Kernel zako, na maelekezo hayo bado yanafuatwa.

Balaa huanza pale mtu anaponakili `bootstrap/app.php` ya mradi mpya na kuibandika juu ya ile ya zamani. Kuanzia hapo `Kernel.php` haisomwi tena, japo faili ingali palepale. Midlewea (kichujio cha maombi yanayoingia) uliyoipa jina fupi itapiga kelele: utaona `Target class [admin] does not exist`. Lakini ile iliyokaa ndani ya kundi la `web`, tuseme inayozuia akaunti zilizofungiwa, itatoweka kimya kimya, na waliofungiwa wataingia kama kawaida. Kama kweli unautaka muundo mpya, hamishia kwanza kila midlewea uliyoiongeza kwenye `app/Http/Kernel.php` hadi `withMiddleware` ya `bootstrap/app.php`, ndipo ufute faili hiyo.

"API imeondolewa, na hifadhidata sasa ni SQLite tu."

Yote mawili yanahusu mradi mpya, na yote mawili ni chaguo-msingi tu. `routes/api.php` inarudi ukiendesha `php artisan install:api`, ambayo pia inasakinisha Sanctum, kifurushi cha kuthibitisha watumiaji wa API. Kwa MySQL, badilisha `DB_CONNECTION` kwenye `.env` na uondoe alama ya `#` kwenye mistari ya `DB_HOST` na wenzake. Usisahau `php artisan migrate` baada ya hapo: seshini, kache na foleni za mradi mpya hukaa kwenye hifadhidata, kwa hiyo ukurasa wa kwanza kabisa utalalamika kwamba jedwali la `sessions` halipo.

"`change()` hubadilisha kile nilichokitaja tu."

Hapa ndipo pa kukaa na kutulia. `change()` hubadilisha safu iliyopo kupitia migresheni, yaani faili la PHP linaloeleza muundo wa majedwali. Tazama:

```php
// jedwali lilivyoundwa
$table->integer('salio')->unsigned()->default(0);

// migresheni iliyofuata
$table->integer('salio')->nullable()->change();
```

Kwenye toleo la 10, `unsigned` (inayokataa namba hasi) na `default(0)` zilibaki. Kwenye 11 zinafutwa, kwa sababu hukuzitaja. Zamani kifurushi cha Doctrine DBAL kilisoma hali ya safu ilivyo kisha kikatafuta tofauti; sasa kimeondolewa, na Laravel inaiandika safu upya kwa yale uliyoyataja. Matokeo yake, mteja mpya anapata `NULL` badala ya 0, na katika SQL `NULL + 500` haikupi 500, inakupa `NULL`. Salio hasi nalo linapokelewa bila kipingamizi. Faharasa (index) za safu haziguswi.

Seva ya laivu inaweza isionyeshe dalili yoyote, kwa kuwa migresheni za zamani zilishapita. Anayeumia ni aliyejenga upya hifadhidata ya majaribio: migresheni zilezile zinapita chini ya kanuni mpya, na majedwali yake hayafanani tena na ya laivu. Dawa ni kutaja sifa zote kwenye kila `change()`, au kuendesha `php artisan schema:dump` kabla ya kupanda ili migresheni za zamani zibanwe kuwa faili moja.

"`diffInDays` hurudisha siku kamili."

Ilikuwa hivyo kwa Carbon 2, maktaba ya tarehe inayotumiwa na Laravel. Laravel 11 inakubali pia Carbon 3, na `composer update` itakuletea hiyo usipozuia. Carbon 3 hurudisha desimali, na hurudisha namba hasi tarehe inapokuwa nyuma. Ankara iliyokuwa ikisema "zimebaki siku 2" itasema 2.7314 na mkia mrefu. Andika `(int) now()->diffInDays($tarehe, true)`. `True` huondoa alama ya kutoa. Kama huna muda wa kupekua kila mahali, funga `"nesbot/carbon": "^2.0"` kwenye `composer.json` kwanza.

"Kikomo cha kwa sekunde ni nyongeza tu, hakinihusu."

`Limit::perSecond`, inayoweka kikomo cha maombi kwa sekunde, ni nyongeza kweli, na `Limit::perMinute` haijaguswa. Ila `new ThrottlesExceptions(10, 5)`, midlewea ya foleni inayoisimamisha kazi makosa yakizidi, iliyomaanisha kupumzika dakika 5 baada ya makosa 10 sasa inamaanisha sekunde 5. Foleni inayotuma SMS kupitia huduma ya nje iliyozidiwa itaendelea kuibishia hodi kila baada ya sekunde chache, wakati ulidhani umeipa nafasi ya kupumua. Andika `5 * 60`.

"`/up` ikijibu 200, mfumo mzima ni mzima."

`/up`, anwani ya kukagua afya ya programu, inathibitisha tu kwamba programu imewaka bila kosa. Haiigusi hifadhidata wala Redis yako (hifadhi ya data ya kwenye kumbukumbu). Ukitaka ipime hizo, sikiliza tukio la `DiagnosingHealth`, ndani yake uliza hifadhidata swali dogo kama `DB::select('select 1')`, na uache kosa litupwe: hapo `/up` itajibu 500 na kifaa chako cha ufuatiliaji kitajua.